Kuku wa Njugu Jikoni Mombasa: Usage Mwenyewe, Utumie Siagi ya Kopo, au Unga wa Njugu Mbichi?

Mombasa njugu, yaani karanga, tunazijua, ila tunazijua nje ya sufuria: kwenye kashata, kwenye kijikaratasi cha muuzaji pale Lighthouse jioni, au zikitafunwa barazani pamoja na kahawa chungu. Sufuriani kazi hiyo tumeipa nazi. Kwa hivyo mtu wa Kisauni au Tudor akitamani mchuzi mzito wa kuku na njugu, ule wa Senegali na Mali uitwao mafe, au ule wa Ghana unaoliwa pamoja na fufu, lile donge laini la muhogo na ndizi za kutwanga, hukwama mapema. Hakwami kwa kuku wala kwa viungo, maana hivyo anavijua. Hukwama kwenye njugu zenyewe. Anunue mbichi Kongowea akakaange na kusaga? Achukue kopo la siagi ya karanga dukani? Au apike kwa unga wa njugu mbichi, kama wafanyavyo jirani zetu wa Uganda?

Jambo hili linastahili kufikiriwa vizuri, kwa sababu katika chakula hiki njugu si kiungo cha kuongezea ladha, ndizo mchuzi wenyewe. Ukikosea hapo, huokolewi na bizari wala pilipili. Na liko jambo ambalo wengi hulisahau: njugu hazichaguliwi peke yake. Huchaguliwa kwa kumtazama kuku uliyenaye, kwa sababu kila aina ya njugu ina muda wake motoni, na kila kuku ana wake. Nitazilinganisha njia tatu, kisha nimlete kuku.

Tunapima kwa nini

Kwanza ladha: je, unataka harufu ya njugu zilizokaangwa ijae nyumba, au ladha tulivu isiyomfunika kuku? Pili muda na kazi ya mikono. Tatu gharama, na hapa sitataja bei kwa sababu hubadilika kwa msimu. Nitasema tu ipi huwa nafuu kuliko ipi. Nne ni jinsi mchuzi unavyoshika, yaani uzito wake na namna unavyokaa juu ya wali au sima.

Tano ni usalama, na hiki nakipa uzito kuliko vyote. Njugu zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu, na ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayodhuru ini. Ndiyo sumu iliyokuwa ndani ya mahindi mwaka 2004 na kuua watu 125 nchini, wengi wao Ukambani. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kila kilo ya njugu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukionja. Kukaanga au kuchemsha hakuiondoi yote. Kinachosaidia ni kununua njugu kavu na kuchambua kwa makini: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye madoa zitupwe, hata kama ni konzi nzima. Kwa mji wenye joto na unyevu kama wetu, hasa mvua za Aprili na Mei, hili si jambo la kupuuza.

Msingi wa sufuria ni uleule

Njia yoyote utakayochagua, mwanzo haubadiliki. Kuku mmoja wa kilo moja na robo hivi, akatwe vipande vinane. Vitunguu viwili vikubwa, nyanya tatu au nne na kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, thomu punje tano au sita, kipande cha tangawizi, na pilipili mbuzi moja inayotumbukizwa nzima bila kupasuliwa, ili itoe harufu bila kuwachoma watu. Kaanga kuku mpaka abadilike rangi, mtoe. Kaanga vitunguu, thomu na tangawizi, kisha nyanya, mpaka zijitenge na mafuta. Mrudishe kuku, mwagia maji moto lita moja hivi. Njugu zako ni gramu 200 hadi 250, na wakati wa kuzitia hutegemea njia uliyochagua. Viazi vitamu, karoti au bamia huingia katikati, mchicha mwishoni. Sufuria hiyo inatosha watu watano au sita.

Viungo vya pilau viache kabatini. Najua mkono wa Mswahili huwashwa ukiona mchuzi hauna iliki wala mdalasini, lakini hapa vitapigana na njugu na njugu zitashindwa. Tui pia liache. Msumbiji wana matapa, kisamvu kinachopikwa kwa njugu na nazi pamoja, na ni chakula kitamu sana. Lakini majani yale hayana mafuta yake. Kuku anayo, njugu zinayo, ukiongeza tui zito utapata mchuzi unaokinaisha kwa tonge la tatu.

Njugu za kukaanga na kusaga mwenyewe

Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mafe. Ladha yake ni nzito, ina uchungu kidogo wa kupendeza, na harufu ya kashata kabla sukari haijaingia.

Kazi yake ni ya saa nzima kabla hujamgusa kuku. Chambua njugu kwenye ungo. Weka karai kavu juu ya moto mdogo, mimina njugu, na usiondoke. Mwiko uzunguke muda wote, dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Utaanza kusikia maganda yakipasuka, halafu harufu itabadilika kutoka ya kunde hadi ya njugu hasa. Toa moja, ipasue kwa kucha: ndani ikiwa imeacha weupe na kuanza rangi ya hudhurungi hafifu, epua papo hapo na umwage kwenye sinia, maana joto lake huendelea kuzikaanga hata nje ya moto. Ukisubiri ziwe nyeusi-nyeusi ndani, uchungu huo utaukuta kwenye mchuzi na hautoki.

Zikipoa, zifikiche kwa kitambaa kikavu, kisha utoke nazo uani na kupepeta. Maganda ni mepesi, upepo wa alasiri unayabeba yenyewe.

Kwenye blenda, uvumilivu unahitajika. Njugu huwa unga kwanza, halafu unga hushikamana kandokando na kisu kinazunguka patupu. Wengi huacha hapo wakidhani wamemaliza. Zima, kwangua kwa kijiko, pumzisha mota, washa tena. Rudia hivyo mpaka bonge lilegee, ling'ae na kuanza kumiminika. Mafuta ya njugu yenyewe ndiyo yanayoilainisha. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kinaruhusiwa kama blenda ni dhaifu. Asiye na blenda atumie kinu na mchi. Mchuzi utakuwa na chengachenga, na mimi binafsi naupenda hivyo. Usitegemee mashine ya unga wa mahindi mtaani: mwenye mashine huenda akakataa, kwa kuwa njugu zilizokaangwa hutoa mafuta na kuganda ndani.

Gharama ni ya katikati: njugu ni rahisi, ila unalipa kwa gesi, umeme na muda. Mchuzi unashika vizuri na hutoa ile dalili ya kuiva inayopendwa na wapishi wa Afrika Magharibi, yaani matone ya mafuta mekundu yakielea juu. Kwa usalama njia hii ina nguvu, kwa sababu kila njugu imepita mbele ya macho yako. Iliyobaki iweke kwenye chupa kavu ndani ya friji. Ukiiacha juu ya meza kwa joto la hapa, itachacha mapema.

Inamfaa mwenye nafasi, na anayepika kwa sababu anataka ladha hiyo hasa.

Siagi ya karanga ya kopo

Sikubaliani na wanaoidharau. Hata huko Afrika Magharibi, wapishi wengi hununua njugu zilizokwisha kusagwa, hawasagi kila siku. Tofauti ni kwamba ile yao ni njugu tupu, na makopo mengi ya hapa yametengenezwa kwa kupakwa kwenye mkate. Kwa hivyo kazi yako yote iko dukani: geuza kopo usome. Ukikuta karanga peke yake, au karanga na chumvi, chukua. Ukikuta sukari na mafuta ya mimea yaliyogandishwa, ujue mchuzi utakuwa na utamu ambao hukuuomba.

Utamu huo unaweza kupunguzwa, si kufutwa. Ongeza nyanya, na mwishoni kamua ndimu au weka ukwaju kidogo. Usijaribu kuuzima kwa chumvi, kwani nyingi tayari zina chumvi, onja kwanza.

Muda ndio sababu ya kuinunua. Inaingia dakika kumi na tano au ishirini kabla ya kuepua, na hapo kuna hatua moja isiyorukwa: iteke kwenye bakuli, ongeza mchuzi wa moto upawa mmoja mmoja huku ukikoroga mpaka iwe laini, ndipo uimimine sufuriani. Ukiitupa ikiwa bonge, utakula mabonge. Mchuzi wake huwa laini sana na wa namna moja, jambo ambalo watoto hulipenda. Kama kopo lako lina mafuta yaliyogandishwa, yale matone mekundu huenda yasijitokeze vizuri, hivyo usiendelee kuchemsha ukiyasubiri.

Kwa kilo, hii ndiyo ghali zaidi, ingawa hakuna kinachotupwa. Kwa usalama unamtegemea mtengenezaji, basi tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa isiyo na nembo wala tarehe, hata ikiwa nafuu, mimi siinunui, kwa sababu njugu ikishasagwa huwezi tena kujua ilikuwaje.

Inamfaa anayerudi nyumbani jioni amechoka, anayeishi chumba kimoja bila blenda, na anayetaka matokeo yasiyobadilika.

Unga wa njugu mbichi

Hapa tunaiacha Afrika Magharibi na kugeukia Uganda, ambako binyebwa, yaani mchuzi wa njugu, humiminwa juu ya matoke. Njugu hazikaangwi. Husagwa zikiwa mbichi, unga ukakorogwa na maji, ukachemka taratibu mpaka ukaiva. Zikiwa za ganda jekundu na hazikumenywa, mchuzi huwa na rangi ya waridi iliyofifia, nzuri kutazama.

Ladha yake ni ya upole. Haina harufu ya kukaangwa. Ina umaziwa fulani, na ndiyo maana naamini kwa ulimi uliolelewa na tui hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi. Ladha ya kuku inabaki mbele.

Kazi ya mikono ni ndogo, kazi ya moto ni kubwa. Unga mbichi unahitaji dakika arobaini na zaidi ya kuchemka polepole, la sivyo unabaki na ladha ya kunde mbichi na hata harufu yake hukaa mdomoni. Mwanzo ni mwembamba, ukatamani kuongeza unga, usiongeze. Subiri, utaanza kuwa mzito kama uji unavyoshika, na hapo utahitaji kupunguza kwa maji moto badala ya kuzidisha. Jambo la pili ni povu. Unga wa njugu mbichi hufura na kumwagika ghafla, kwa hivyo tumia sufuria kubwa, iache wazi, na moto uwe mdogo.

Kwa gharama hakuna inayoishinda, na kilo moja inalisha watu wengi. Lakini kwa usalama ndiyo inayotaka tahadhari zaidi. Unga uliokwisha kusagwa sokoni unaficha kila kitu: zile njugu zilizosinyaa ambazo ungezitupa zinaweza kuwa mle ndani. Ushauri wangu ni kununua njugu nzima kavu, kuzichambua, na kuzisaga mwenyewe kwenye blenda kwa mipigo mifupi ili zibaki unga. Saga za siku hiyo tu.

Inamfaa mwenye familia kubwa, mwenye muda wa moto, na asiyependa ladha kali.

Sasa kuku

Kuku wa kienyeji huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, na jogoo mkongwe hupita hapo. Kuku wa mayai aliyekwisha kutaga, wale wanaouzwa bei ya chini, naye ni mgumu vilevile, lakini supu yake ina nguvu. Broila yuko tayari kwa nusu saa au dakika thelathini na tano, na ukimzidisha anaachia mifupa.

Hapo ndipo mambo yanapojipanga. Unga mbichi na kuku wa kienyeji ni marafiki, kwa sababu wote wawili wanataka muda: mchemshe kuku mpaka akaribie kulainika, ndipo utie unga, wamalize pamoja. Siagi ya kopo na broila vivyo hivyo, wote wana haraka. Ukitaka unga mbichi na broila, chemsha unga peke yake kwanza kama dakika ishirini, kisha muunganishe. Njugu za kukaanga zinakwenda na yeyote, mradi ziingie nusu saa ya mwisho, kwani njugu zikikaa motoni muda mrefu hushika chini. Kwenye sufuria nyembamba ya alumini juu ya jiko la makaa hilo hutokea haraka mno; punguza makaa, na mwiko uguse kitako cha sufuria kila baada ya dakika chache. Ikishika, usikwangue. Hamishia mchuzi wa juu kwenye sufuria nyingine.

Broila mtoe ngozi. Mafuta ya njugu yanatosha.

Kwa hali yako

Ukiwa umetoka kazini, umevuka Likoni na giza limeingia, chukua broila na kopo la karanga tupu, pika wali mweupe, na ndani ya saa moja mnakula. Wali wa nazi uache kwa siku nyingine.

Ukiwa na wageni Jumapili au unaandaa futari, kaanga na kusaga njugu siku moja kabla, uweke friji. Siku yenyewe kazi itabaki ya mchuzi tu. Hapa kuku wa kienyeji anastahili gharama yake. Ila kabla ya kupika, uulize kama yupo mwenye mzio wa karanga. Mzio huo unaweza kuua, na haufai kugunduliwa mezani. Akiwepo hata mmoja, pika kuku wa nazi, na vyombo vilivyogusa njugu viwekwe mbali.

Ukiwa na watu wengi na fedha chache, unga mbichi na kuku wa mayai ndio jibu, na uongeze viazi vitamu na fungu mbili za mchicha. Kwa sima, mchuzi huu unatosheleza hata vipande vya kuku vikiwa vidogo.

Kama mtaa wenu umeme hukatika ovyo, usijifunge kwenye blenda. Kinu na mchi vinasaga njugu za kukaanga bila shida, na kopo moja likae kabatini kwa dharura.

Kwa wazee na watoto wadogo, unga mbichi ulioiva vizuri au siagi laini ya kopo ni bora kuliko njugu zenye chengachenga, na ile pilipili mbuzi itolewe mapema kabla haijapasuka.

Kwa mwenye kibanda cha chakula, ninaegemea njugu za kukaanga, zikisagwa nyingi kwa pamoja, kwa sababu gharama kwa sahani ni ndogo kuliko kopo na harufu yenyewe huita wateja. Mchuzi ukikaa utazidi kuwa mzito. Upunguze kwa maji moto, sio baridi. Uliobaki usilale kwenye sufuria mezani. Ndani ya saa mbili uwe friji, na kesho uchemke kabisa kabla ya kuuzwa.

Na kama hujawahi kuupika wala kuuonja, anza na nusu kuku na kopo dogo. Gharama yake ni ndogo, na baada ya sahani hiyo utajua kama unatamani harufu zaidi, basi uende kwenye karai, au ulipenda upole wake, basi ununue njugu mbichi.